Waya wa Bluu Uliotutoa Hewani

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo aibu hii ni yangu mara mbili.

Mke wangu Neema alikuwa na usaili wa kazi kwa video saa kumi jioni, na intaneti ya nyumbani kwetu, mtaa wa Sakina, ilikuwa inakwamakwama. Asubuhi nikaenda mjini kununua swichi mpya ya kugawa mtandao.

"Ya kawaida au ya gigabiti, yenye kasi zaidi?" muuzaji akauliza.

"Gigabiti!" nikajibu, duka zima lisikie.

Nyumbani nikachomeka nyaya zote mwenyewe. Taa za swichi zikawakawaka kama za harusini, kisha mtandao ukafa kabisa. Nikaipigia simu kampuni ya intaneti nikafoka, "Mmetukatia huduma!"

Saa tisa na nusu akafika fundi wao, binti mchangamfu. "Shikamoo, Mwalimu! Ulinifundisha kidato cha tatu."

Neema, aliyekwisha kuvaa suti yake, alikuwa karibu kulia.

Fundi akainama, akashika waya wa bluu, akaufuata kwa vidole. "Mwalimu, huu umetoka kwenye swichi ukarudi kwenye swichi hiyo hiyo. Data inazunguka humu humu tu mpaka inaziba mtandao wote."

Akauchomoa, na mtandao ukarudi papo hapo. Nilishusha pumzi. Usaili ulikuwa umepona.

Neema akavuta kiti mbele ya kompyuta, kisha akageuka. "Kwa hiyo kampuni haikukata kitu?"

"Hapana, mama," fundi akajibu kwa adabu. "Ni Mwalimu."