Unga wa Gaudensi Niliokoroga Kwenye Togwa

Walinifunga kitandani hospitalini kwa kanga, mikono yote miwili, maana nilikuwa naokota usipa hewani. Niliwaona wanadondoka kutoka darini, wazima, wanang'aa. Nikapiga kelele, "Leteni beseni!"

Binti yangu Agneta akasema, "Mama, hakuna samaki hapa."

"Wewe leo ndiye wa kunifundisha usipa?"

Mwili ulikuwa unawaka bila jasho hata tone. Ulimi umekauka, mate hakuna. Mkojo ulijaa ukakataa kutoka, mpaka wakaniingiza mpira.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kazi. Naanika usipa Mbamba Bay, napandisha Mbinga kuuza. Pumu ninayo tangu ujana. Kwetu ikibana tunachoma mnanaha, lile gugu la maua meupe na matunda ya miiba. Jani kavu juu ya kaa, unajifunika kitenge, unavuta moshi kidogo, kifua kinafunguka. Kunywa, hapana.

Gaudensi, muuza dawa wa mnadani, akaniuzia unga wake wa mnanaha. "Dada, moshi mambo ya zamani. Koroga kijiko kwenye togwa."

"Mnanaha hatunywi, Gaudensi."

Akacheka. "Huu wa kitaalamu."

Nikakoroga. Kikombe hakijaisha, ukuta ukaanza kupumua.

Akili iliporudi daktari akanieleza. "Mama, dawa iliyomo inakausha mate, inazuia jasho na mkojo. Hiyo hiyo ndiyo inalegeza kifua. Ikizidi inapanda kichwani, mtu anaona yasiyokuwepo. Na nguvu ya mti huu si sawa na ya ule, kijiko hakiwezi kupima." Akauchambua kwa kidole unga uliobaki, Agneta alikuwa ameuleta. Mbegu tupu! Na mbegu, alisema, ni kali.

Nimepona. Namshukuru Mungu, na Agneta aliyenishika nikimtukana. Sasa nina dawa ya kupuliza mdomoni, napanda Mbinga na mzigo wangu, nalala vizuri, nakula nashiba. Wenye pumu wenzangu, nendeni zahanati. Ukinywa kitu mdomo ukakauka ghafla, kimbia hospitali, usingoje kuona samaki.

Gaudensi nilimkuta mnadani Chiwanda, meza imejaa. Eti, "Dada, ni yule pepo wako alikupanda, si unga." Muuza tumbaku wa pembeni akaropoka, "Si ulisema majani yameisha, ukasaga mbegu?"

Gaudensi, pepo hasagwi. Njoo mbele ya mtendaji wa kata useme ulichosaga. Halafu wataje wote uliowauzia, mmoja mmoja, kabla hawajakoroga.