Unga wa Mizizi wa Rafiki Yangu

Aliyemuuzia mama unga ule alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alikuja kwetu Newala na mkoba wa makopo, akapiga goti, "Shikamoo, mama," kisha akaanza kuusifu. Mizizi ya India, alisema, inaupa mwili ustahimilivu: inaondoa mawazo, inaleta usingizi, inashusha presha.

"Na vidonge vyangu?" mama aliuliza.

"Vidonge vinachosha figo, mama. Mimi mwenyewe nina presha, natumia unga huu tu."

Nilikuwa hapohapo nikimenya muhogo. Nilisikia, nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa rafiki yangu, na kwa kuwa tangu baba afariki mama alikuwa hapati usingizi. Na kweli, alianza kulala. Kila asubuhi alikoroga kijiko kimoja kwenye uji. Alifurahi hata akanituma nimpelekee shoga yangu kuku wa shukrani. Nikampelekea.

Msimu wa korosho mama alianguka shambani, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Vidonge vya miezi miwili nilivikuta ndani ya foronya yake, havijaguswa.

Alilazwa hospitali ya Ndanda, nami nikamuuguza. Siku ya tisa nilikwenda dirisha la dawa, nikaona mgongo ninaoujua. Rafiki yangu alikuwa kwenye foleni, kadi ya kliniki ya presha mkononi. Alipokea vidonge, vilevile vya mama, akavitumbukiza mkobani. Hakuniona. Ningeweza kumshika palepale, lakini nilitaka iwe mbele ya wateja wake.

Nilingoja mama aruhusiwe, nikangoja siku ya soko. Nilimkuta rafiki yangu amezungukwa na akina mama, akisema yaleyale: figo, usingizi, "mimi mwenyewe". Nikapenya mpaka mbele.

"Fungua mkoba wako."

Alicheka. "Shoga, unatafuta nini?"

"Vidonge vya presha. Vile unavyomeza wewe huku wenzio ukiwalisha unga."

Hakufungua. Aliukumbatia mkoba kifuani, na hilo likatosha. Bibi mmoja akarudisha kopo mezani, akafuata mwingine, na mwingine. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Si ungenijia nyumbani?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama naye angependa kukujia nyumbani, ila hatembei."

Hakumaliza mwezi, akahamia Masasi. Nasikia siku hizi anauza vitenge. Mama alipopata habari, alijikaza na ulimi wake mzito mpaka maneno yakatoka: "Umemuumbua mtoto wa watu." Anataka nikamwombe radhi. Wapo pia wanaonikumbusha kwamba nami nilikuwapo siku ile, nikasikia, nikanyamaza. Najua, na sijajisamehe. Ndiyo maana sikuwa na huruma ya kumgawia.

Wiki iliyopita nilimwona stendi ya Masasi, amekonda, kitenge begani. Aliniinulia mkono. Nilimtazama tu, sikupepesa jicho, mpaka akaushusha.