Ndugu Mahali Salama

Nyie mnaonicheka kila harusi nikipewa karatasi ya majina ya wageni na kuisukuma kwa mwenzangu, mkasema eti mzee siku hizi macho hayaoni, leo niwaambie ukweli: macho yangu ni mazima, kinachonishinda ni aibu. Ni aibu ya zamani sana, ya miaka ile ya sabini nilipokuwa afisa mipango msaidizi pale Mpanda, kijana wa Kibaoni mwenye suruali ya bugaluu (ilifagia vumbi kila nilikopita) na kichwa kikubwa kuliko kofia, nikiamini kwamba bila kalamu yangu wilaya nzima ingelala njaa.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika mpango wa maafa. Tulikuwa tunaogopa moto, na tulikuwa na sababu, maana kule Katumba wakimbizi kutoka Burundi walikuwa hawajamaliza hata miaka mitatu tangu wapewe mashamba, nyumba zao za nyasi, mabani ya kukaushia tumbaku yanawaka kuni kutwa kucha, na kiangazi kile nyasi zilikuwa zimekauka hata ukizikanyaga zinalia. Basi nikapanga. Kila kijiji kiwe na orodha ya kaya, yaje malori matatu ya kubebea watu, mgambo wasimamie, majina yasomwe kwa kipaza sauti ili asisahaulike mtu ndani, na wote wapelekwe kiwanja cha mpira, ambacho kwenye karatasi nilikiita "mahali salama". Bosi wangu aliusoma ule mpango akaguna kwa kuridhika (na yeye alikuwa haguni ovyo), ikaamriwa tufanye zoezi, mgeni rasmi atoke mkoani aje kujionea.

Sasa hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe. Zoezi la kwanza tulilifanya upande wa Sitalike, tukawatangazia watu wiki nzima, siku ilipofika wakaja wamevaa nguo za kanisani, kina mama wamesuka nywele, lori halijazimwa injini wameshapanda na kukaa, na mzee mmoja kabeba jogoo wa kumpa dereva. Bosi alifura. Akasema hilo ni zoezi la maafa au ni harusi? Mimi kwa kimbelembele changu, wala hakuna aliyeniuliza, nikasema, "Katumba tusiwaambie, mzee. Tuwashtukize." Wakaniona nina akili.

Jioni ya kuamkia zoezi la Katumba nilikuwa kwa Melkiori, mwenyekiti wa kijiji tulichokichagua, mkulima wa tumbaku, mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa. Nilishazoea kula pale. Mama yake, Bibi Sikolastika, alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya "karibu" na "kula", lakini hayo mawili aliyatumia vizuri, na sijawahi kuondoka kwake bila viazi vitamu mfukoni. Tukiwa tunakula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, Melkiori akaniuliza, "Ndugu Afisa, nimeona malori matatu yameegeshwa kule barabarani. Kesho kuna nini?"

"Hakuna kitu, kaka," nikamjibu, na maharage yake bado yako mdomoni. "Yanapita tu."

Asubuhi saa tatu tukaingia. Malori yakasimama katikati ya kijiji, mgambo wakaruka chini na virungu vyao, mimi nikapanda juu ya bodi ya lori la kwanza nikakohoa kwenye kipaza sauti (nilikuwa nimefanya mazoezi ya kukohoa), nikasoma jina la kwanza kwenye orodha, ambalo kwa heshima nililiweka la mwenyekiti mwenyewe. "Melkiori! Na watu wa kaya yake!"

Watu waligeuka kutazama lori. Halafu mwanamke mmoja aliyekuwa anatunga majani ya tumbaku akasimama, akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa hata kidogo, "Baraje." Wamekuja. Basi. Sikusikia mtu akipiga kelele, sikusikia hata mtoto akilia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Niliona migongo tu. Watu walipita nyuma ya nyumba, katikati ya mashamba ya muhogo, wakaingia porini, na kabla sijafika jina la tano kijiji kilikuwa kitupu, chungu cha maharage kinachemka peke yake na jembe limelala pale lilipoangushwa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajua wanakimbilia kiwanja cha mpira. Nikateremka mbio kwenda kuwapokea, nikakuta mbuzi wawili.

Hapo bado ningeweza kuokoa jambo. Ningewatuma mgambo wavue yale magwanda waende porini kuita watu taratibu, ningemwendea bosi nikasema limeharibika. Lakini vumbi la Land Rover ya mgeni rasmi lilishaonekana, na huyo anashuka, anapita nyumba kwa nyumba anachungulia, anatazama saa yake, anatabasamu. "Dakika ngapi?" akauliza.

"Hata robo saa haikufika, mzee."

"Hongera sana. Na wananchi wako wapi?"

Nikaikunja orodha nikaitia mfukoni. "Wako mahali salama, mzee."

Tukaenda chini ya turubai ambalo mgambo walikuwa wamelifunga ubavuni mwa lori. Mgeni rasmi akasimama kuhutubia, watumishi tumejipanga, mgambo wamejipanga, akasema katika mkoa mzima hajaona kijiji kinachohama kwa nidhamu namna ile, akanitaja mimi kwa jina, nikasimama, nikapigiwa makofi, nikainama. Nilipoinua kichwa nikamwona Melkiori.

Alikuwa anatoka porini peke yake, shati limechanwa na miiba, mikono ameinyoosha juu. Alitembea polepole mpaka mbele ya turubai, hakumtazama mgeni rasmi, alinitazama mimi niliyekula kwake jana. "Nimekuja," akasema. "Jina la kwanza ni langu. Nichukueni mimi. Hawa wengine waacheni, nawaombeni, wana watoto."

Mgeni rasmi akageuka kunitazama, na mimi nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka (mpaka leo nikiyakumbuka naona joto masikioni) yalikuwa, "Kaka, ni zoezi tu." Melkiori hakulijua hilo neno. Akauliza, "Zoezi ni nini?" Ikabidi nimweleze mbele ya wote, kwamba hakuna moto, hakuna kesi, hakuna anayepelekwa popote, tulitaka tu kuona mtakimbiaje.

Alishusha mikono taratibu. "Kule kwetu ilikuwa hivihivi," akasema. "Lori, watu wa magwanda, na karatasi. Wadogo zangu wawili waliitwa majina mchana kama huu, mama anasikia. Hatukuwaona tena. Wewe hukujua?"

Nilijua! Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba sikujua, alishanisimulia mwenyewe kwenye kigoda chake, nami nikasikitika na kumpa pole, kisha nikarudi ofisini nikaandika lori, mgambo na orodha, na hayo mawili hayakukutana kichwani mwangu hata siku moja. Mgeni rasmi alivaa kofia yake. "Mahali salama, eh?" akaniambia, akaingia kwenye gari, na hakuagana na mtu.

Tuliita watu mpaka jua likazama, Melkiori mbele, mimi nyuma bila kipaza sauti. Walirudi wachache wachache, na waliponiona waliwavuta watoto upande wa pili. Lakini Bibi Sikolastika hakurudi. Alikuwa amemchukua mjukuu wake wa miaka minne mgongoni, na bibi yule miguu ilikuwa inamsumbua hata kwenda kisimani. Kiangazi kile, maji hakuna, na simba wa kule hawangoji wakaribishwe. Siku ya pili hatukupata hata unyayo. Melkiori alitembea nami kutwa bila kunisemesha neno, wala kunitukana, na heri angenitukana.

Siku ya tatu wakatokea warina asali, Wakonongo wawili waliokuwa wanakagua mizinga yao mbali huko, wanasukuma baiskeli, bibi amekaa nyuma amefungwa kwa kitenge asianguke, midomo imepasuka, na mtoto yuko kifuani kwa mmoja wao analamba sega. Wazima wote wawili. Nililia pale barabarani na bugaluu yangu, wala sikujali nani anaona.

Tulipomfikisha bibi jikoni kwake nikamwendea nikapiga magoti. Hakusema "karibu". Aliongea Kirundi kidogo tu, na Melkiori akatafsiri huku anatazama chini: "Anauliza ile karatasi unayo?" Nikasema ninayo. "Anaomba jina lake ulitoe."

Niliitoa mfukoni nikaichana mbele yake, akapokea vipande, akavitia motoni kimoja kimoja. Tangu siku ile hakukubali kuandikwa popote. Mahindi ya msaada yalipogawiwa kwa orodha mwaka uliofuata, yeye hakuwemo, akawa anakula kwenye fungu la mwanawe, na mimi nikawa napeleka mchele kutoka Kibaoni kila mavuno, naukabidhi kwa Melkiori mlangoni. Mpaka anazikwa hakuwahi tena kunipa kiazi.

Ofisini waliniita Ndugu Mahali Salama mpaka nastaafu, na nilistahili. Kwa hiyo mkinipa karatasi ya majina harusini nikaisukuma, msinibembeleze. Mpeni mwingine asome. Mimi nilishasoma moja, na mtu mzima alikuja mbele yangu na mikono juu.