Akifika Patamu, Anakaza

Saa mbili asubuhi, kwenye kibaraza chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, mwanamke mmoja ameketi huku ameshikilia kiti kama anayesubiri kung'olewa jino. Bado hajaguswa. Chanuo liko mezani.

"Tulia," anasema msusi aliye nyuma yake.

Kwa neno hilo, analolirudia kutwa, mtaa mzima unamwita Mama Tulia. Anasuka watu kwa mwaka wa ishirini sasa, na sifa zake ni mbili: misuko yake haifumuki upesi, na inauma mpaka nyusi zinapanda.

Walimvumiliaje? Kwa umbea. Mama Tulia ana habari za mtaa mzima, na anazipanga kama anavyopanga mistari ya nywele. Utosini husimulia mambo ya kawaida tu. Akifika nyuma ya sikio na kisogoni, kwenye ngozi isiyo na subira, hapo ndipo mume wa fulani anakutwa mahali. Mteja hutega masikio, naye hukaza.

"Kichwa ni kimoja," anasema. "Kikishika umbea, maumivu yatasubiri nje."

Daktari mmoja wa mishipa ya fahamu aliyeulizwa na mwandishi anakubali. Anasema kila shina la unywele limezungukwa na neva, ndiyo maana hata inzi akitua kichwani unajua. Lakini ubongo haupokei kila taarifa kwa uzito uleule: ukiwa na shughuli, maumivu huyapunguza, ukitarajia kuumia, huyaongeza. Kisha daktari akaomba jina lake lisitajwe, kwa kuwa mkewe husukwa na Mama Tulia.

Balaa lilianza wateja walipogundua mbinu hiyo. Wakaambizana: akifika patamu, shika kiti. Tangu hapo wanaumia kabla ya kuvutwa. Mume wa huyu aliyeketi leo, mwanamke ambaye ni mwalimu, alikuja wiki iliyopita kulalamika.

"Shemeji, nikirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, 'Unajua leo kumetokea nini?', anakumbatia kichwa," alisema. "Siku hizi sina wa kuongea naye."

Wateja wameanza kuhamia kwa msusi wa pili wa mtaa, mwenye mkono laini na misuko isiyomaliza wiki. Zamani Mama Tulia alisuka vichwa vitatu kwa siku. Wiki hii nzima amesuka viwili. Mwalimu ndiye mteja wake wa kwanza, tangu wakiwa wasichana, na leo amekuja na taarifa kwamba huu ni mwisho. Akiondoka yeye, waliobaki watamfuata, na Mama Tulia hafichi kwamba jambo hilo limemnyima usingizi.

Kwa hiyo leo ameamua kufunga mdomo. Anachambua nywele kimya kimya, na ukimya huo unamtisha mwalimu kuliko umbea wowote. Mwishowe uzalendo unamshinda, anaanza kusimulia yeye. Kuna mgeni alifika shuleni akajitambulisha kuwa mke wa mwalimu mkuu, na ofisini alikuwapo mke mwingine, tayari ameshapewa chai.

Mistari inasogea. Nyuma ya sikio panapita salama. Mwalimu anawaigiza wale wanawake kwa sauti na kwa mikono yote miwili, kiti amekisahau.

"Mwalimu mkuu akaingia kabatini," anasema.

Mikono ya Mama Tulia inasimama. "Kabatini? Halafu?"

"Suka."

Anasuka. Anauliza tena, anaambiwa tena asuke. Kisogo kinakwisha bila chozi. Ncha zinachovywa kwenye maji ya moto, mwalimu anajitazama kiooni, anajifunga mtandio na kunyanyuka.

"Na kabati je?"

"Nitamalizia nikija kufumua."

Amekwenda. Mama Tulia anakaa kwenye kiti kilichoachwa wazi na kucheka mpaka anajifuta macho. Mteja wake atarudi. Kuanzia kesho, anasema, hapa kibarazani atakayesimulia ni mteja mwenyewe. Ila kuna jambo linamkera, na analisema huku akitazama njia aliyopita mwalimu.

"Misuko yangu inakaa wiki sita," anasema. "Laiti ningemlegezea kidogo."