Choo Kilichoandikwa Kwetu

Mwaka huu nimerudi Mpanda kuiaga nyumba ya bibi. Barabara inapanuliwa, na watu wa manispaa wameshapita na rangi yao. Ukutani, chini ya dirisha la chumba nilicholala utotoni, wamechora X kubwa nyekundu, na rangi imechuruzika mpaka kwenye msingi. Mdogo wangu, ambaye hakulelewa hapa, alikuwa amenipigia simu kulalamika juu ya hiyo X kama mtu aliyetukaniwa wazazi. Mimi nilipoiona sikukasirika. Niliona aibu, rafiki yangu, aibu kongwe kabisa, hata nikageuka kutazama kama kuna mtu ananiangalia.

Ngoja nikusimulie, maana kisa hiki sijawahi kumsimulia mtu, na nyumba yenyewe ndiyo hiyo inaondoka.

Miaka ile ya tisini Mpanda ilikuwa kimji tu cha mwisho wa reli. Treni ikifika hapa haikuwa na pa kwenda tena, inageuza na kurudi ilikotoka. Halmashauri nayo haikuwa kitu cha mbali cha kusikia redioni. Asubuhi tuliamshwa na mlinzi wa soko akigonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni pa soko, na jioni kiligongwa tena watu wafunge biashara. Siku ya Jumamosi lilipita gari bovu lenye kipaza sauti juu: mbuzi wanaozurura watakamatwa, mbwa wapelekwe kuchanjwa, kila mtu afagie mbele ya nyumba yake. "Tangazo! Tangazo!" Sisi watoto tulilikimbilia nyuma kwenye vumbi, halafu wiki nzima tunatangaziana sisi kwa sisi kupitia kopo lililotobolewa.

Bibi yangu, Mkonongo wa kutoka msituni kwenye mizinga ya nyuki, aliuza togwa sokoni. Nyumba yetu ilinukia ulezi uliooteshwa, ule utamu mchachu ambao mpaka leo nikiunusa mate yananijaa. Kwenye benchi lilelile la sokoni, ubavuni pake, alikaa jirani yetu. Huyu alikuwa mjane, mama mnene wa taratibu, mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliowekwa kwenye makazi ya Katumba. Aliolewa mjini na fundi wa reli, mume akafa, naye akabaki. Aliuza mihogo ya kuchemsha na maharage yaliyoungwa kwa mawese, mekundu, yanang'aa. Bibi alimtania kwamba anaunga maharage kama anayepaka mlango rangi. Yeye hujibu kwamba togwa ya bibi ni dawa ya usingizi, ndiyo maana wateja wake hawaondoki. Wakicheka hao wawili, benchi zima linatikisika.

Viwanja vyetu havikuwa na uzio. Katikati ya nyumba mbili palikuwa na shimo la taka, kichanja cha vyombo na kamba moja ya kuanikia nguo. Choo kila nyumba ilikuwa nacho chake, mpaka mvua za mwaka ule zilipokilaza chetu. Tuliamka tukakuta ukuta umeingia shimoni na paa la nyasi limeufuata. Kuchimba kingine udongo ukiwa chepechepe ni kujichimbia kaburi, kwa hiyo bibi akasema tungoje kiangazi. Jirani hakungoja kuombwa. "Nyie mje tu huku," alisema. "Choo si cha mtu, ni cha tumbo."

Chake kilikuwa cha matofali mabichi, kina mfuniko na debe la majivu, ila hakikuwa na mlango wa mbao. Palining'inia gunia tu. Kwa hiyo ilikuwapo adabu yake, unaijua bila shaka kama umekulia huku kwetu: ukikaribia, unakohoa. Kama mna mtu ndani, naye anakohoa, na wewe unageuka unakwenda kutazama kuku. Hakuna anayesema neno. Mtu mzima kusemeshwa akiwa mle, au yeye kusemesha watu wa nje, ilikuwa aibu isiyomithilika. Kwa muda mfupi tu nilishajua kikohozi cha kila mtu wa pale. Cha bibi kilikuwa kifupi na kikavu. Cha jirani kilikuwa kizito, kinapanda mara mbili na mara ya pili kinavutwa.

Ndipo lile gari lilipopita na tangazo jipya. Kipindupindu kimesikika njiani, kila kaya iwe na choo chake, chake yenyewe, si cha kuazima. Bwana afya atapita nyumba kwa nyumba. Nyumba isiyo na choo itapigwa rangi nyekundu mlangoni, na mwenye rangi mlangoni haruhusiwi kuuza chakula sokoni. Usiku ule bibi hakula. Alikuwa akinilea peke yake kwa togwa ile, na wote wawili tulijua kwamba shimo letu limejaa matofali na nyasi.

Nami nilikuwa darasa la nne, na tena kiranja wa usafi! Kila Jumatatu mwalimu alinipa rula, nami napita mstarini nikikagua kucha za wenzangu kwa uso wa mtu wa serikali. Nilikuwa nimeshawatoa wengine mbele ya darasa kwa sababu ya kola chafu. Leo nikikumbuka namna nilivyobinua midomo, natamani mtu angenizaba kibao mapema, pengine ningepona.

Bwana afya alikuja siku ya soko, mchana, mimi nimetoka shule na bibi yuko kwenye togwa. Alikuwa kijana mpole, mwenye baiskeli, na nyuma ya baiskeli kopo la rangi limefungwa kwa mpira. Nilimwamkia.

"Marahaba binti. Wakubwa wako wapi?"

Hakungoja jibu. Aliangalia kichanja, akaangalia shimo la taka, akaandika kwenye daftari lake. "Nionyeshe choo chenu."

Rafiki yangu, miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilimwongoza mpaka kwenye choo cha jirani nikasema, "Hiki hapa." Akanyoosha mkono kushika gunia. Kabla hajalifunua, mle ndani mtu akakohoa.

Kikohozi kizito, kilichopanda mara mbili, cha pili kikavutwa. Jirani alikuwa amerudi kuchukua sufuria ya pili ya maharage, nami sikumwona akipita.

Bwana afya aliruka nyuma kama amekanyaga makaa. "Nani yumo?" akaninong'oneza.

"Bibi," nikasema.

Nilijua ni nani. Naomba ulishike hilo, kwa maana miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua. Nilijua, na nilijua kwamba yeye pia ananisikia, umbali wa gunia moja.

Alirudi nyuma kwa heshima, akaandika kwamba choo kipo. Halafu akaunyooshea kalamu mlango wa jirani uliofungwa. "Na hawa? Choo chao kiko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kulia, kulia nilikuwa hodari. Nilitazama kopo la rangi, nikaona benchi la sokoni bila bibi.

"Hawana," nikasema.

Akachovya brashi, akachora X kwenye mlango wa jirani, akapanda baiskeli akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama. Gunia likasogea, jirani akatoka, akanawa mikono polepole kwa kata ya maji. Akautazama mlango wake, rangi bado mbichi inatiririka.

"Wamepita?" aliniuliza.

"Wamepita, mama."

"Haya." Akabeba sufuria yake ya maharage kichwani akarudi sokoni.

Alasiri ile bwana soko alipanda juu ya kreti la soda akasoma majina ya waliopigwa rangi. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa na wengi mno. Jirani alisimama, akakunja kitambaa chake, akafunika sufuria ile ya pili, bado imejaa. Watu waliokula maharage yake miaka yote wakajifuta midomo na kutazama pembeni. Hakubisha. Mtu aliyekulia makazini, ambako hata kutoka kwenda mjini ni kwa kibali, alishafundishwa kwamba serikali haibishiwi. Bibi alikuwa ameketi ubavuni pake, kata ya togwa mkononi, na hakuelewa hata kidogo. Choo cha jirani alikuwa amekitumia asubuhi hiyohiyo.

Alielewa alipofika nyumbani.

"Mlango wake una rangi, wetu hauna," alisema. "Bwana afya ulimwonyesha nini?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Bibi hakunipiga. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akajishika shavu. "Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi," alisema. Nilipumua, nikidhani yameisha. Lakini mkono nilioutia uchafu haukuwa wa bibi.

Na hapa pana jambo linaloniuma zaidi, kwa kuwa nampenda bibi hata kaburini: hakwenda ofisini kusahihisha. Kila asubuhi alivaa khanga kama wa kwenda huko, kila asubuhi akaishia sokoni, kwenye benchi ambalo upande mmoja sasa lilikuwa tupu. Aliogopa, na uoga ule ndio uliokuwa ukininunulia madaftari. Jirani alianza kubeba mihogo kichwani kwa miguu hadi Magamba, hadi Kasokola, kuuzia watu wa mashambani ambao nao wana mihogo yao. Jioni alirudi miguu imevimba, na mawese yameganda kwenye sufuria.

Angeweza kumwita bwana afya siku yoyote, amfunulie gunia na kusema hiki ni changu. Lakini angekifunua chake, sisi tungebaki na nini? Aliliona hilo kabla yetu. Kwa hiyo alichukua sururu, na udongo ulipoanza kushika, akachimba choo kingine upande wa pili wa nyumba yake. Mjane mwenye choo kizuri akachimba choo! Bibi alinituma nikamsaidie kutoa udongo kwa karai, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani ya nyumba yetu. Yeye shimoni anachimba, mimi juu napokea karai, hatusemeshani zaidi ya "shika" na "nimeshika." Siku zote hizo sikuthubutu kutumia kile cha zamani. Nilijikaza mpaka shuleni, mwalimu akadhani nimekuwa mpenda masomo wa kuwahi namba za wanaofika mapema.

Choo kilipokamilika bwana afya alirudi, akakikagua, akaipaka ile X rangi nyeusi juu. Jirani akaruhusiwa kurudi sokoni. Jioni hiyo alivuka uwanja, akasimama mbele ya bibi aliyekuwa akichambua ulezi.

"Mama," alimwambia, "kile cha zamani kichukueni. Kimeandikwa kwenu."

Ungo ulimponyoka bibi. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule, huku ulezi umemwagika na kuku wanaudonoa. Jirani aliinama, akawafukuza kuku, wakaanza kuokota pamoja.

Kesho yake bibi alinipa kibuyu cha togwa nimpelekee. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayarudia kama shairi la shule. Nilipofika nilipiga magoti, nikampa kibuyu, nikaishia kusema bibi amemletea togwa. Alinishika kidevu akaniinua uso.

"Mwanangu, mimi ninakujua kwa kikohozi hata gizani," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Na wewe unanijua."

Akafungua kibuyu. Akanywa togwa, akasema leo imekolea, akanirudishia kibuyu pamoja na mihogo miwili ndani ya jani. Nilikula ile mihogo njiani huku nalia, na aibu ya Mungu ni kwamba ilikuwa mitamu.

Miaka michache baadaye, nikiwa sekondari, alirudi Katumba kumuuguza kaka yake. Nilisikia alifia huko. Sikwenda. Kila mara palikuwa na mtihani, halafu kazi, halafu watoto, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Choo chake tulikitumia mpaka kilipojaa, na bibi akapanda mgomba juu yake kama ilivyo desturi.

Sasa Mpanda ni manispaa, ina taa za barabarani na lami. Kipande cha reli cha sokoni sikukiona. Wapangaji wa nyumba iliyokuwa ya jirani wana choo cha vigae ndani, chenye mlango na kitasa, na vijana wao hawajui kwamba zamani mtu aliomba njia kwa koo. Wala hawana haja ya kujua. Nani anatamani kuingia nyuma ya gunia lenye nzi? Hata hivyo, nadhani ni penye gunia lile tu ambapo watu walijuana namna ile, kwa sauti ndogo isiyo na neno, na mimi ndimi niliyeitumia kumwuza mtu.

Kabla ya kuondoka nilizunguka nyuma ya nyumba. Mgomba bado upo, umezaa wana wengi, na tingatinga likija litaupitia pamoja na ukuta. Fundi aliyekuwa aking'oa mabati alikuwa juu ya paa, hakunitazama. Nilisogea mpaka pale gunia lilipokuwa likining'inia, nikasimama.

Nikakohoa. Halafu nikangoja kidogo, kama tulivyofundishwa, kumpa aliyemo nafasi ya kujibu.