Saini Kabla Mzee Haugdahl Hajafa

Pale Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, kila dalali wa nyumba ana bango lake barabarani, picha kubwa, meno nje. Marlys Engebretson hana picha popote. Kazi yake huanza pale dalali anapomaliza kushikana mikono na wateja, na huisha siku mnunuzi anapokabidhiwa funguo. Hapo katikati ndipo mauzo mengi hufia. Mkaguzi wa paa hajatokea, benki imegeuza maneno, hati bado ina jina la shangazi aliyekufa zamani, mnunuzi ameingiwa na woga. Yote humwangukia Marlys, naye huyasukuma kwa simu kutoka mezani pake jikoni, kahawa ikipoa pembeni. Wateja hawaijui sura yake. Wanaijua sauti tu, na wakishahamia wanaisahau. Ni mkunga ambaye haalikwi kwenye arobaini ya mtoto.

Ni mjane. Arne, marehemu mumewe, alifika kwao mara ya kwanza kutengeneza bomba lililoganda. Kule kaskazini mtu aliyelelewa vizuri hapokei kitu anapokaribishwa mara ya kwanza. Hukataa, hukaribishwa tena, hukataa tena, na mara ya tatu ndipo husema haya basi, kidogo tu. Arne alikataa keki mara mbili, ya tatu akala vipande vinne, na Marlys akajua huyu ndiye mume. Anayekaribisha mara moja akanyamaza, kwao huyo hajakaribisha. Ametimiza wajibu ili asisemwe.

Katika majira mabaya ya baridi, dalali mmoja kijana aitwaye Trent alimletea mauzo ya nyumba ya Orville Haugdahl. Mzee mwenyewe alikuwa amelazwa ng'ambo ya pili ya mji, katika nyumba wanakotunzwa wagonjwa ambao dawa imeshindwa. Binti yake wa pekee, Janelle, alikuwa na hati ya kumsainia baba yake kila kitu. Tatizo ni kwamba hati ya namna hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Mzee akikata roho kabla ya saini, nyumba ingekwenda mahakamani kwa mambo ya mirathi, miezi mingi, na benki iliyokuwa inaidai ilishasema haitangoja mahakama yoyote, itaipiga mnada.

Kwa hiyo kila asubuhi Marlys alimpigia muuguzi, Dolores.

"Samahani kukusumbua tena. Yupo?"

"Yupo. Jana kaomba aiskrimu, kaimaliza, halafu kalalamika eti ilikuwa ndogo."

"Mungu amsaidie."

"Amsaidie nani, yeye au wewe?"

Walicheka wote wawili, kisha wakaona aibu, kila mmoja upande wake wa simu.

Trent naye hakukawia. "Marlys, kipenzi changu! Mzee wetu bado anavuta pumzi?"

"Mzee wako tangu lini? Umeshawahi hata kumwona?"

"Nauliza tu jamani. Wanunuzi wangu wameshapakia lori."

"Basi kawatabasamie, ndiyo kazi unayoiweza. Mengine niachie mimi."

Kufa kufaana, alijisemea baada ya kukata simu. Halafu akakumbuka kwamba mkate wake yeye mwenyewe ulitoka kwenye tanuri hilohilo, na kahawa ikamshinda.

Jioni moja Janelle alipiga mwenyewe. Alizungumza kwa sauti ya chini, na nyuma yake Marlys alisikia pumzi za mzee, nzito, zenye mikwaruzo.

"Mama yangu alikufa peke yake, Marlys. Mimi nilikuwa kiwandani, zamu yangu. Baba nimemwahidi sitoki hapa mpaka aondoke yeye kwanza."

"Hutatoka, mwanangu. Nitapanga."

Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Siku chache baadaye Dolores hakungoja kupigiwa. Pumzi za mzee zimebadilika, alisema, ni leo, akijitahidi sana ni kesho. Marlys akajifunga kibwebwe. Alibembeleza benki, alimgombeza wakili, aliwatoa watu wa ofisi ya hati, wanaohamisha umiliki wa nyumba, kwenye kifungua kinywa chao, na kabla theluji haijakoma kuanguka karatasi zote zilikuwa mezani kwao zikisubiri kalamu. Ilibaki saini ya Janelle. Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, Gus, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda na karatasi mpaka kitandani kwa mgonjwa na kushuhudia saini hukohuko. Gus aliishi kilimani, na gari lake lilikuwa limefukiwa na theluji. Angekuja, ila angehitaji kubembelezwa, na huenda kukodiwa mtu wa kumfukulia njia.

Marlys alimpigia Janelle.

"Mambo yote tayari. Karatasi ziko ofisi ya hati, pale mjini. Au nikutumie Gus, usainie hapohapo kwa baba?"

"Aa, hapana, usijisumbue. Theluji yote hii, mzee wa watu atolewe ndani kwa ajili yangu? Nitakuja mwenyewe. Nakwenda na kurudi."

Simu ya pili ilikuwa inalia. Benki. Marlys aliisikia vizuri ile hapana. Alikuwa amezaliwa ndani yake, ameolewa kwayo. Ilikuwa hapana ya kwanza, ile ambayo hata mtoto wa Duluth anajua haijawa hapana bado.

"Haya, sawa," alisema. "Endesha polepole." Akapokea benki.

Janelle alifika mjini. Ofisi ya hati, kama ilivyo desturi yao, ilimpigia Dolores kabla ya kutoa kalamu, na Dolores akasema yupo. Janelle akasaini ukurasa baada ya ukurasa, koti mwilini, funguo za gari mkononi. Wakampigia Marlys kumwambia imepita. Hakuwa ameweka simu chini vizuri ilipolia tena.

"Ameondoka," alisema Dolores.

"Binti yake amefika?"

"Bado yuko njiani. Mkono nilimshika mimi. Alimwita Janelle mara moja, halafu basi."

Kitu cha kwanza alichokisikia Marlys moyoni kilikuwa nafuu, kwa kuwa saini ilikuwa imetangulia. Cha pili kilikuja polepole, kikakaa, na hakijaondoka mpaka leo.

Trent alituma boksi la chokoleti na kadi ya kumwita Marlys malaika. Marlys alimpa jirani chokoleti bila kufungua.

Hakuwa na mazoea ya kwenda mazishi ya wateja, lakini haya alikwenda. Mkono mtupu haulambwi, basi alioka bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akalipakata kanisani. Hakuna aliyemjua. Baada ya ibada watu walishuka ukumbi wa chini, na pale kwenye meza ya kahawa alisimama Janelle mwenyewe, akiwamiminia wageni.

"Mimi ni Marlys."

Janelle alimtazama nywele. "Ooh. Kumbe ndiwe. Sikujua kama una mvi." Akapokea bakuli, akaliweka na mengine. "Asante kwa yote. Nyumba ilikwenda vizuri."

"Pole sana, mwanangu. Nilikuahidi. Ningemtuma Gus tu..."

"Si nilikataa mwenyewe?"

Alisema hivyo bila ukali wowote. Marlys angeupokea ukali kwa mikono miwili.

"Kahawa?" Janelle aliuliza.

"Aa, hapana, usijisumbue," mdomo wa Marlys ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa. Akabaki amesimama, mkono umeshasogea karibu na vikombe, akingoja.

Janelle aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mgeni aliyefuata, akammiminia.