Dawa Isiyokuwa ya Masuma

Masuma alishona sare za shule mjini Iringa tangu alipoolewa, na watoto wengi wa pale mlimani walikua wakivaa kazi ya mkono wake. Sigara hakuijua. Moshi aliouzoea ni wa ubani, Alhamisi jioni. Kwa hiyo kikohozi kilipomganda, watu walisema ni baridi, kisha wakasema ni kifua kikuu. Akameza dawa za kifua kikuu mpaka zikaisha, kikohozi kikabaki pale pale.

Mumewe Yusufali, muuza vipuri vya magari, akafunga duka na kumpeleka Mbeya kwa binti yao Taslim, anayekaa mtaa wa Soweto. Hospitalini walimchoma sindano ubavuni, wakatoa kinyama kidogo. Ilikuwa saratani ya mapafu, nayo ilikwisha kutambaa.

Taslim alikuwa amesikia habari za mzee mmoja wa Chimala, mvutaji wa miaka mingi, aliyetundikiwa dripu za dawa mpya inayoamsha kinga ya mwili ili ipigane yenyewe. Sasa mzee huyo anasimamia mpunga wake. "Mama naye apewe hiyo hiyo," Taslim akasema. Yusufali akalishika neno hilo, likawa halimtoki mdomoni.

Daktari Lusekelo aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Dawa ni nzuri, mzee wangu, ila haimfai kila mtu. Saratani nyingine hujivika alama ya kuwahadaa askari wa mwili, wakaipita kama ndugu yao. Dawa ile huvunja hadaa hiyo. Sasa lazima tujue kwanza kama uvimbe wa mama una alama hizo, na una nini kingine. Kile kinyama tunakipeleka Dar kikapimwe."

Wakangoja nyumbani kwa Taslim. Masuma hakuweza kulala chali, pumzi ilimkatika. Basi mchana Yusufali alikaa kitandani, akampa mgongo, naye akauegemea akasinzia. Mguu ukifa ganzi, Yusufali hakujitikisa. Taslim akiwachungulia mlangoni, alirudi jikoni kimya kimya.

Majibu yalipokuja, wakarudi hospitalini, daktari akavuta kiti akaketi karibu na Masuma.

"Alama zile kwako ni chache mno, mama. Tena tumekuta kasoro katika vinasaba vya uvimbe, ambayo huwapata sana watu wasiovuta sigara. Wenye kasoro hii, ile dripu mara nyingi haiwasaidii."

Masuma akatazama viganja vyake. "Kwa hiyo hata dawa imenikataa."

"Hiyo imekukataa. Lakini kuna vidonge vinavyoiandama kasoro yenyewe. Bila kipimo tusingevifikiria."

"Nitapona?"

"Sitakudanganya. Ugonjwa hautakwisha. Ila unaweza kurudi nyuma, ukapata muda mzuri."

"Muda wa kutosha nini?"

"Hilo sijui, mama."

Masuma akaitikia kwa kichwa. Jibu lile lilimpa imani na mtu yule kuliko ahadi yoyote.

Nje, Yusufali alisimama ukutani na mkewe, machozi yamemlenga. "Mimi ningekulazimishia ile dripu."

"Najua, Baba Taslim," Masuma akasema. " Na mimi ningekubali, ili ufurahi tu."

Wakacheka wote wawili, cheko likamletea Masuma kikohozi, mume akamshika mabega mpaka kikatulia.

Vidonge alivimeza kila asubuhi. Mwezi wa pili akaanza kulala chali, na picha ikaonyesha uvimbe umenywea. Wakarudi Iringa. Vidonge navyo havikukosa adha: vipele vilimjaa usoni, akaona haya kukaa kibarazani na cherehani yake. Yusufali akapewa marhamu na daktari, akawa ndiye anayempaka, kwa vidole vile vinene vilivyozoea boliti na grisi.

"Tulia basi," alimwambia asubuhi moja, akimpaka chini ya jicho.

"Mimi nimetulia," Masuma akasema. "Anayetetemeka ni wewe."